Mukwe Wangu wa Kirungu

Wanawake wa Kalemie wanapenda sana kuwasema vibaya wake za wana wao. Nenda soko lolote, simama karibu na meza za ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, utasikia: wangu muvivu, wangu mudomo, wangu hajui kusonga bukari. Mimi nikianza kumusema wangu, wenzangu wanahamisha beseni zao. Wanajua sitamaliza upesi. Wahame tu! Viviane ni muke wa mwanangu Landry, na mimi, Emerance, ninajivuna naye mchana kweupe. Anayeumia roho akanywe maji.

Alitoka Kirungu, kule juu milimani upande wa Moba, mahali watu wanaota moto hata jua likiwa kichwani. Landry alimuona huko alipokuwa anapandisha samaki wakavu kuuza. Alipomuleta kwetu, hapa chini ziwani, kila kitu kwake kilikuwa moto. Muchanga moto, godoro moto, maji ya kunawa moto. Alikuwa anajipepea na kifuniko cha sufuria mpaka mawifi zake wakamupa jina, Mama Baridi. Sisi familia yetu ilishuka kutoka Baraka zamani za baba mukwe wangu, kufuata ndagala, na tuna ulimi, sikufichi. Akisema chai ni moto, tunacheka. Akisema jua kali, tunacheka. Ukawa muchezo wa nyumbani, na muchezo huo karibu utuzikie mutoto.

Sasa nikueleze kwanza desturi yetu, usije ukapotea. Kwetu mutoto muchanga akishatolewa mbele ya kanisa, tunarudi nyumbani kufanya "mikono". Wanawake wote wa ukoo wanaketi juu ya mikeka kwa duara. Mutoto anaanzia kwa mukubwa wa wote, kisha anapita kwa kila mumoja. Kila mama anamushika, anamunong'oneza neno lake la baraka, anamupitisha kwa mwenzake. Mama muzazi yeye anaketi nje ya duara, viganja juu ya magoti, anatazama tu. Haruhusiwi kumugusa mutoto mpaka azunguke wote. Hivyo njo tunavyomuonyesha kwamba mutoto si wake peke yake. Mama anayenyakua mutoto katikati, tunasema amekata mikono, na hilo ni tusi kwa ukoo muzima. Mimi sikuwahi kuliona. Mama mukwe wangu naye alizeeka bila kuliona.

Siku ya Rubens, mutoto wa kwanza wa Landry, lupango letu, ua wote wa nyumba, lilijaa mpaka kwenye majiko. Alikuwa mutoto mudogo bado, shingo haijakaza. Wifi yangu Pétronille, dada mukubwa wa marehemu mume wangu, alikuja na mutumbwi wa injini kutoka Zongwe. Huyo njo alikuwa mukubwa wa duara. Pétronille ni mutu wa sauti. Akikohoa yeye, hata watoto wa jirani wanakaa kimya.

Asubuhi, tukijitayarisha kwenda kanisani, Viviane alinifuata na mutoto kifuani.

"Mama, Rubens ana moto mwilini."

Kabla sijafungua kinywa, Pétronille akadakia akiwa mbele ya kioo. "Mama Baridi! Umemufunga mutoto vitenge juu ya vitenge, ulitaka awe barafu?"

Nyumba nzima ikacheka. Na mimi nilicheka, kwani nani asingecheka? Viviane akamupunguzia mutoto nguo, tukaenda.

Kanisani kwaya ilipiga ngoma mpaka mabati yakatetemeka, na Rubens hakutikisa hata kope. Watu waligeuka kumutazama. "Ona mutoto wa adabu! Ametulia kama shemasi!" Kifua changu kikajaa. Nilitembea kutoka kule na mutoto mukononi, kichwa juu, kitenge changu kipya kikipiga kelele kwa wanga. Kila aliyenisalimu nilimusimamisha amuone mujukuu wangu asiyelia.

Tukarudi, tukakaa. Pétronille akamupokea Rubens, akamunong'oneza, akamupitisha. Mutoto akazunguka. Kila mama aliyemushika alisema maneno yale yale: halii, hasumbui, huyu atakuwa mutu mukubwa. Gracieuse, binti wa shemeji yangu, alisema watoto wake kwa umri ule wangeshavunja nyumba kwa kelele.

Mimi zamu yangu ilikuwa bado. Nikamutazama Viviane pale nje ya duara. Viganja vilikuwa juu ya magoti, sawa kabisa, lakini macho hayakuwa ya sherehe. Na blauzi yake, ile ya kushonesha, ilikuwa imelowa mbele yote. Maziwa yalikuwa yanamwagika yenyewe. Nikajiuliza, huyu mutoto alinyonya lini mara ya mwisho? Sikupata jibu, kwa sababu hapo hapo Viviane alisimama.

"Munisamehe, mama zangu. Munipe mutoto."

Hata waliokuwa wanatafuna waliacha.

"Keti," Pétronille alisema.

"Shangazi, ana moto tangu alfajiri."

"Eeh! Kirungu imesema!" Wakaangua kicheko tena, wengine wanagongana viganja. Mumoja akamuuliza kama alitaka tumupeleke mutoto akakae ndani ya friji ya muuza samaki.

Viviane hakucheka, wala hakulia. Akangojea wamalize. "Basi tuache moto," alisema. "Moto mutaucheka mpaka kesho. Mutoto hanyonyi. Tangu alfajiri ninamupa titi, linakaa tu kinywani, havuti. Na haamki. Huo si usingizi, mama zangu."

"Amechoka na watu," alisema mumoja.

Gracieuse, yeye ni mutu wa huruma, alichovya kitambaa majini akamupangusa Rubens kichwa na kifua, akarudia, akarudia tena. Baadaye akamugusa. "Umeshuka! Moto umeshuka!" Vigelegele vikalia. Pétronille akanyoosha mikono kuashiria tuendelee, mambo yamekwisha.

"Moto umeshuka," Viviane alisema, "na yeye amerudi? Mumuamshe basi. Mukimuamsha akalia, mimi nitaketi, na mutanicheka mpaka nizeeke."

Hilo lilimuchoma Pétronille. Akamuchukua mutoto. "Rubens! We Rubens!" Sauti ile inayosikika mpaka kwenye mitumbwi. Hakuna. Akamutekenya unyayo. Hakuna. Akaufinya kidogo. Mutoto muzima unamufinya unyayo, analia mpaka jirani anakuja kuuliza kuna nini. Huyu aligugumia tu, akafungua macho nusu, hakumutazama mutu, akafunga. Na kwa kuwa alikuwa amevuliwa nguo, sasa tuliona sote: alikuwa anapumua mbio mbio, na chini ya mbavu panaingia ndani kila anapovuta hewa. Nikagusa miguu yake. Ilikuwa baridi, na tumbo linachoma.

Pétronille aliona. Ninamujua, aliona. Lakini mutu aliyekaa mbele ya watu wote, kurudi nyuma ni kazi. "Tumalize mikono kwanza," alisema. "Jua likipunguka mutamupeleka hopitali. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu langu na livunjike," Viviane alisema. "Wakati wa kupimisha mimba walitufundisha. Mutoto mudogo hivi akiwa na moto, usingojee. Akikataa kunyonya, usingojee. Akiwa haamki, ama anapumua hivi, ama anakakamaa, usingojee. Kimoja tu kinatosha. Huyu ana karibu vyote."

Akapita juu ya mikeka na viatu vyake, akamutoa Rubens mikononi mwa Pétronille.

Ee Mungu wangu! Macho yote yakanigeukia mimi. Mimi njo nilikuwa mama wa nyumba, mama mukwe. Kama ningesema "Mama Rubens, keti", angeketi, kwa kuwa yeye ni mutoto wa heshima. Ukoo wote ulikuwa unangoja niseme hivyo. Nikatazama ile blauzi iliyolowa. Hakuna mutu anayeweza kubishana na maziwa ambayo mutoto hakuyanyonya. Nikasimama.

"Twende," nikasema.

"Emerance!" Pétronille alipiga kelele. "Ukitoka na huyo, mutoto huyu harudi tena kwenye mikono yangu!"

"Wifi, arudi kwanza. Mikono tutamutafutia."

Nje wanaume walikuwa wanakunywa. Nicolas, mudogo wa marehemu mume wangu, alituona tunatoka mbio, akamushika Landry bega. "Kaa. Ni mambo ya wanawake." Landry akanitazama. Alikuwa amevaa suti ya ndoa yake.

"Vua viatu," nilimuambia.

Akavivua hapo hapo. Huyo naye nilimuzaa vizuri.

Viatu ni kwa sababu ya maji. Tangu ziwa lipande, njia yetu ya kwenda hopitali imekatika katikati. Pikipiki inakufikisha ukingoni, halafu unavuka kwa mutumbwi mahali zamani tulipokuwa tunapita na mikokoteni, kisha unatafuta pikipiki nyingine ng'ambo. Tulifika pale, na Salomon mwenye mutumbwi alikuwa ameketi anangoja abiria wajae.

"Mama Emerance, subiri kidogo, bado nafasi."

"Nafasi ya nani? Jaza mimi! Mimi peke yangu ni watu sita, piga kasia!" Alipomuona mutoto, alishika kasia. Landry aliingia majini na suti yake akausukuma mutumbwi kutoka nyuma mpaka maji yakamufika kifuani. Kitenge changu kipya kililowa mpaka kiunoni, na wanga wote ukaenda. Viviane alikuwa amekaa katikati, mutoto amemulaza ngozi kwa ngozi, anamuita jina lake bila kuacha. Hakulia hata mara moja. Mimi nililia kwa niaba yake.

Hopitali, dokta aliyetupokea alikuwa mwanamuke, kijana, wanamuita Dokta Éliane. Alimuona mutoto akiwa bado mulangoni, akamuacha mutu aliyekuwa anazungumza naye. Akamulaza, akamugusa utosi, akamutazama anavyopumua, akawaita wenzake.

"Nani anajua habari ya mutoto?"

Sasa sikiliza. Kwetu swali kama hilo linajibiwa na mukubwa. Muke wa mutoto wako anasimama nyuma, wewe njo unaongea na wakubwa wa biro, wa shule, wa hopitali. Mudomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nikaufunga. Nikamushika Viviane mugongoni, nikamusukuma mbele.

"Mama yake," nikasema. "Muulize yeye."

Akajibu kila kitu. Alipoanza kuwa na moto, alipoacha kunyonya, mara ya mwisho kukojoa, alivyopumua asubuhi na anavyopumua sasa, kwamba hajakakamaa, kwamba kitambaa cha maji kilishusha moto lakini hakikumuamsha. Hakukwama popote. Dokta alikuwa anauliza huku mikono inafanya kazi, na mara moja aliinua kichwa akamutazama Viviane vizuri, usoni. Nilimuona. Nilitaka kuwaambia wagonjwa wote waliokuwa pale kwamba huyu ni mukwe wangu, anatoka Kirungu.

Halafu wakatutoa nje.

Baadaye Dokta Éliane alikuja kutueleza kwamba ugonjwa ulikuwa umeingia ndani ya damu, na kwa mutoto wa umri ule unakimbia sana. Dawa zilikuwa zimeanza kupita kwenye mushipa. Tungoje.

"Dokta," nilimuuliza, "na kama tungemaliza sherehe kwanza? Jua lipunguke, halafu tuje?"

"Hilo usiniulize, Mama," alisema, akarudi ndani.

Niliogopa. Ninasema wazi, mimi mwenye mudomo huu wote, niliogopa. Nilimuogopea Rubens, na nilimuogopea Viviane. Kwa sababu kama mutoto angekufa, ukoo haungesema ni ugonjwa. Ungesema ni mama aliyekata mikono. Wangesema hivyo kwenye kilio, wangesema tena kila mimba yake inayofuata, na angelibeba neno hilo mpaka kaburini. Yeye alijua hilo aliposimama, na alisimama hata hivyo. Nilikaa kwenye ubao pale nje, ninamuomba Mungu, na katikati ya maombi ninagombana naye.

Viviane aliniletea chai. Muzazi, hajalala, yeye njo ananiletea mimi chai! Nilimuambia akae. Nikamuuliza kama hakuwa na woga alipokuwa amesimama mbele ya Pétronille.

"Nilikuwa nao, Mama. Lakini wa Rubens ulikuwa mukubwa zaidi."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema, na ni kweli. Siku zikapita hivyo, mutoto hafungui macho sawasawa, Viviane anakamua maziwa wanamupitishia kwa mupira mwembamba. Landry alikuwa anatoka kwenye uvuvi anakuja moja kwa moja, ananuka ndagala, anakaa chini karibu na mutoto.

Asubuhi moja nilikuwa nje ninafua vitambaa. Nikasikia Viviane anapiga kelele ndani, kelele ya kukata roho. Sabuni ikaanguka. Nilikimbia, ninajua tu kwamba yamekwisha, ninafika mulangoni macho nimeyafumba.

"Mama! Ananiuma! Mama, angalia anavyoniuma!"

Nikafumbua macho. Rubens alikuwa kifuani pake, anavuta kwa nguvu zote, mashavu yanaingia na kutoka, kikono kimekamata kitenge cha mama yake. Viviane alikuwa analia sasa, machozi yote aliyoyaweka tangu siku ile. Nilipiga vigelegele ndani ya chumba cha wagonjwa. Walinifukuza, nikaenda kuvimaliza nje.

Tuliporudi nyumbani, nilitegemea kukuta lupango tupu. Kumbe Pétronille hakurudi Zongwe. Alikuwa amebaki kwangu muda wote ule, anapika, anafagia, anagombeza majirani wasipige redio. Hakutusalimu. Alimutazama Landry, akanitazama mimi, akasema, "Waite wanawake."

Walikuja, na wengine ni kwa kiherehere cha kuona vita. Mikeka ikatandikwa, tukakaa duara. Viviane, bila kuambiwa, alikwenda kuketi nje, viganja juu ya magoti, kama desturi inavyotaka. Mimi nilikuwa nimemushika Rubens, na sikujua nimupeleke wapi. Maneno ya Pétronille nilikuwa ninayakumbuka yote.

Pétronille akanyoosha mikono. Nikamuwekea mutoto.

Tulingoja anong'oneze baraka. Hakunong'oneza. Alimufunua kitenge kifuani, akatazama anavyopumua, akamugusa miguu. Rubens akamukunjia uso. Kisha yule mwanamuke, dada wa mume wangu, ambaye sijawahi kumusikia akimuuliza mutu yeyote ruhusa ya jambo lolote, aliinua kichwa akatazama juu ya vichwa vyetu sote, moja kwa moja kwa Viviane.

"Mama Rubens," alisema. Si Mama Baridi. "Amenyonya leo?"

"Amenyonya, Shangazi."

"Vizuri?"

"Vizuri sana."

Pétronille akajisogeza upande mumoja wa mukeka, yeye mwenyewe, na mwili wake ule. Akapigapiga kwa kiganja mahali palipobaki wazi karibu naye.

"Basi njoo ukae hapa ndani," alisema. "Sisi tutashika. Wewe utatuambia."

Viviane alivua viatu, akaingia.